Ya Saba kati ya Ishirini

Nilikwenda kutengeneza friji,
si kununua picha.
Friji la soda, duka la kona, kompresa imekufa.
Kipuri hakuna. Nikiwa sina la kufanya
nikavuka baraza, nikachungulia mlango wa pili.

Jengo la zamani, Barabara Kuu, Jinja.
Juu ya mlango jina la mjenzi kwa herufi za saruji:
mwenyewe alifukuzwa, jina likagoma kuondoka.
Ndani, harufu ya wino na mafuta ya taa,
na mwanamke kainamia meza, kisu kidogo mkononi,
anachonga bao la mpira kama apaaye samaki.

"Karibu. Naitwa Nangobi," bila kuinua macho.
"Kutazama ni bure. Kugusa, nawa kwanza."

Nikatazama. Jogoo wa Masese.
Wanawake wa kiwanda cha nguo wakitoka zamu,
pamba nyeupe kwenye nyusi zao.
Kisha ukuta, na kwenye ukuta ngazi,
na kwenye ngazi kipago cha nne
kimefungwa waya.

Waya ule niliufunga mimi.
Mara mbili kushoto, mara moja kulia,
usiku umeme ulipokatika Walukuba
na mtaa mzima ukaniita jina langu.

"Ngazi hii ni yangu," nikasema.
Akaweka kisu chini.
"Ya mbao ni yako.
Mimi asubuhi tatu nilisimama ng'ambo ya mtaro
nikingoja jua lipande hadi hapo penye waya.
Ulinipita na mkoba wa spana.
Hukuuliza."

Ile ya rangi, ya mkono, moja tu duniani:
milioni moja na laki mbili. Nikameza mate.
Chapa, nyeusi kwa nyeupe: laki moja na nusu.

"Nilipie ngazi yangu mwenyewe?"
"Friji unalotengeneza huwa la nani?"
"La mwenyewe."
"Na hakulipi?"

Nikakuna kichwa. Fundi kapatikana na fundi.

"Lakini hii si sawa na fotokopi ya pale posta?"
Akanishika kidole gumba, akakipitisha nyuma ya karatasi:
mabonde, matuta, kila kipago kimeacha alama.
"Kila moja naikandamiza kwa mgongo wa kijiko.
Ziko ishirini. Ya ishirini ikitoka,
bao nalikwaruza kwa msumari."
"Si hasara hiyo?"
"Ni ahadi."

Chini, kwa penseli, saba na ishirini, na jina lake.
"Kwenye hii ya saba kijiko kiliteleza,
tazama, hapa kivulini. Ya nane haina kosa."
Nikasema nataka ya saba.
Kwa nini, sijui. Nami huteleza.

Elfu themanini kwa simu, papo hapo.
Sabini Jumamosi.
Akaandika kwenye daftari la shule, akaifunga picha kwa gazeti.
"Na nisipoleta?"
"Ngazi yako ninayo."

Nyumbani Kagoya alifungua gazeti polepole,
akaniuliza bei, nami, mjinga, nikaitaja.
"Laki na nusu! Ngazi mpya mbili, na sukari juu!"
Sikujibu. Wala yeye hakungoja jibu,
alikwishaanza kutafuta nyundo.

Nikaleta ngazi, ile ile.
Nikapanda, nikaruka kipago cha nne
kama miguu yangu ilivyozoea,
nikapigilia msumari, nikaitundika.
Yeye chini, ameishika ngazi kwa mikono miwili,
bado amenuna.

Kimya kirefu. Mtoto wa jirani akilia, redio ya mtu.
Nikadhani anahesabu sukari.

"Huo waya," akasema,
macho yake kwenye karatasi, si kwenye mbao,
"miaka yote hii
kumbe uliufunga vibaya.
Shuka, nikuonyeshe."