Ufa wa Darasa la Tano

Ukuta ulikuwa na ufa kabla sijafika Yombo na makopo yangu.
Ulianzia juu, penye kenchi, karibu na dirisha,
ukashuka ukiyumba kama mtu aliyetumwa asikotaka,
mpaka kimo cha madawati.
Mwalimu Mamuya akasema: ziba kwanza, fundi,
usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nikapima kwa kamba. Nikapima tena.
Mwalimu, nikamwambia, huu hauzibwi.
Unapita Natron, unapita Manyara,
unaipapasa Dodoma, unakwenda kushikana na Nyasa.
Hili ndilo Bonde lenyewe, umepewa bure.

Buluu makopo mawili, kijani moja, nyeupe nusu.
Kahawia nilichanganya mwenyewe
na nyekundu iliyobaki kwenye geti la zahanati.
Kopo la kwanza lilimezwa na Viktoria.
Tanganyika niliipiga mikono mitatu,
maana kina nacho kina haki yake.
Bahari ikapata masazo na maji ya bomba,
na watoto wa Dar wakanung'unika:
mbona yetu imepauka?

Mwamba ngoma huvutia kwake.
Mamuya alisimama nyuma yangu siku nzima:
ongeza Kibo kidogo. Kidogo tu.
Theluji yenyewe inapungua, mwalimu,
na mimi nyeupe yangu nusu kopo.
Mlinzi Chilewa akataka nyota ya Dodoma
ionekane toka barabarani,
wasije wakasema tena mji mkuu ni huku kwenye foleni.
Bi Mwanakhamis akaacha sufuria ya uji:
Pemba si tone, mwanangu. Pemba mikoa miwili,
Unguja mitatu, tuna rais wetu, tuna baraza letu,
na Muungano ni wa wawili, usituchore kama jasho la bara.
Nikatafuta brashi nyembamba,
nikaandika yote mitano kwa herufi za sisimizi.

Nami Kokugonza, mwenye brashi, nisijifanye mtakatifu.
Kando ya ziwa, kaskazini ya Bukoba,
kuna kitone ambacho hakimo katika atlasi yoyote.
Si mji. Ni migomba na kaburi la bibi.
Kwetu nimefika mara mbili, zote msibani.

Atlasi ya shule ilikuwa ya zamani, haikuijua Songwe.
Katavi ilikuwa bado imelala kwa Rukwa.
Nikagawa kwa penseli, mkoa baada ya mkoa,
kama anayekata ugali mbele ya wenye njaa,
darasa zima likihesabu kwa sauti
mpaka thelathini na moja,
halafu likarudia, halikuamini.

Semeni akauliza: sisi tuko wapi?
Akaweka kidole kabla sijamzuia.
Kidole kimoja kikafunika bandari, Ubungo, Kigamboni,
Yombo yote na vumbi lake,
na kipande cha Kisarawe ambacho hakikutuuliza.
Rangi ilikuwa mbichi.
Mpaka leo Dar ina alama ya kidole.

Siku sita nilimaliza nchi.
Karatasi ya malipo bado iko njiani.
Mtaa waligonga muhuri, wakasema peleka kata.
Kata, mtendaji yuko kikaoni.
Manispaa wakataka namba ya mlipakodi, na picha ya kazi,
na mfumo siku hiyo ulikuwa chini.
Sasa nasikia iko Dodoma.
Pale pale penye nyota niliyoikoleza mwenyewe.

Kila nikienda kuulizia, napita darasani.
Masika yameingia, ufa umeongezeka upana wa uzi.
Mamuya haniambii tena niuzibe.
Anawafundisha kwamba hata ule wa kweli unapanuka kila mwaka,
taratibu, bila kusubiri muhuri wa mtu.
Watoto wamechomeka humo penseli zao fupi,
kuanzia Manyara kushuka.