Fundi Hakukata

Ntakwinja ana mkanda wa kupimia shingoni
na pini tatu mdomoni, kwa hiyo hasemi.
Ananizungushia mkanda kiunoni, anasoma,
anaandika kwa chaki juu ya meza
chini ya namba ya mwaka jana
ambayo hakuna aliyeifuta.

Kilo kumi na saba zilikuwa zimetoka.
Zilitoka kama wageni wa matanga,
mmoja leo, wawili wiki ijayo,
kila mmoja akiaga mlangoni hadi giza linaingia.
Kurudi, zimerudi kwa mkupuo
na mbili nyingine zikiwabebea mizigo.

Nilipokonda watu walishusha sauti.
Wifi yangu Cibalonza alileta kuku bila kuombwa,
akaninong'oneza jikoni: umepima?
Nilikuwa nimepima. Sukari, basi.
Daktari alichora sahani nyuma ya risiti,
akaigawa, na upande wa bugali
ukabaki upana wa kiganja cha mtoto.

Sasa wananishangilia sokoni.
Mama Aksanti, Mungu amekukumbuka!
Shavu hilo! Mzee amelipwa mshahara?
Nacheka nao. Ni magoti tu yanayojua,
magoti na ngazi za Kadutu.
Mwaka jana nilizipanda na beseni la sambaza kichwani
nikipiga mluzi, mama mzima.
Juzi nilisimama katikati
nikajifanya natazama ziwa.
Ziwa ni zuri, sikatai.
Lakini nililitazama mara nne kabla ya kufika nyumbani.

Ningekuwa na msiba wa kusingizia, ningeutaja.
Mji huu una misiba ya kutosha,
mtu angeweza kuazima mmoja.
Haukuwa msiba. Lilikuwa andazi,
nusu ya andazi, ya mtoto aliyeshiba,
saa kumi na moja jioni, nimesimama,
kwa maana kinacholiwa wima hakihesabiwi.
Kesho yake nusu nyingine.
Halafu nikaanza kununua yangu.

Pale Nyawera kuna kijana mwenye mizani,
ameitandika juu ya katoni, franka mia mbili.
Enzi zangu alikuwa akiitangaza namba yangu
kama mtu anayenadi mashati.
Miezi mitano nimepita upande wa pili wa barabara,
kwenye matope, ili tusionane.
Leo asubuhi nimevua sandali, nimepanda.
Akaisoma polepole,
akaitaja kwa sauti ya mtu anayetaja deni la jirani,
akapokea mia mbili zake.

Ndiyo maana niko hapa na gauni langu la Pasaka
ambalo halipandi zaidi ya nyonga.
Ntakwinja analigeuza ndani nje
na humo, ubavuni, kimelala kitambaa,
vidole vinne vizima, kimekunjwa, kimeshonewa.
Nilikwambia ukate, nasema.
Nilikwambia ukate utupe!
Kwa hiyo ulijua?

Anatoa pini, moja, mbili, tatu.
"Sikujua kitu. Mimi hukunja kila mtu."

Wembe unakata uzi, tik, tik.
Kitambaa kilichofichwa kinatoka na rangi yake ya dukani,
njano kali, wakati gauni lote limekwisha kupauka.
Nitatembea na mistari miwili mbavuni,
Kadutu nzima isome.
"Nikupunguzie wapi ukikonda tena?"
Hasemi ukikonda kwa dhihaka. Anauliza kazi.
Palepale, namjibu. Usikate.

Nje, mwenye pikipiki ananiona na kifurushi.
Mama, twende juu, mia tano tu!
Namwambia: kesho.
Neno lenyewe linanishtua.
Miezi yote hii nimekuwa nikiwaambia
ngazi, mboga, mizani, daktari;
leo ndiyo mara ya kwanza namwambia mwenye pikipiki.

Ngazi ya kwanza ina ufa, nilikuwa nimeusahau.
Nashika kifurushi kwapani.
Nitatazama ziwa, najua, hata mara tano.