Midomo ya Burnley

Nilifika Burnley na kinasa sauti,
maikrofoni mbili zenye manyoya kama paka walionyeshewa,
na barua ya chuo inayosema mimi ni mtafiti.
Bibi Winifred Ormerod aliisoma mlangoni, akaigeuza nyuma:
"Kwenu Tanga watu wa kuchunguza wamekwisha?"
Kisha akainjika birika.
Kwa lugha ya chuo, sebule yake ni uwandani.

Wiki ya kwanza nilinasa mji.
Nilizamisha maikrofoni ya majini katika mfereji,
nikasikia viputo, toroli la dukani likigota ukuta chini kule,
na bata akipiga kasia juu ya utosi wangu.
Nilibandika kinasio kwenye bomba la kiwanda kilichofungwa;
bomba likanipa lori, njiwa,
na mtu asiyeonekana akipiga chafya.
Mvua nilizinasa aina sita.
Ya saba ilinikuta sina betri.

"Nieleze mlio wa mitambo," nikamwambia.
Mitambo mia nne ya kufuma, ukumbi mmoja, miaka kumi na tisa.
Alinitazama kama mtu aliyeombwa aeleze chumvi.
Akagonga meza kwa kucha, taka-ta, taka-ta,
akaacha.
"Hiyo ni meza."

Mle ndani, akasema, sauti uliiacha langoni pamoja na koti.
Ulisema kwa midomo, ukiivuta, ukiikunja,
na mwenzio wa mitambo thelathini mbele akakusoma:
nani ana mimba, nani kahamwa,
nyamaza, msimamizi yuko nyuma yako.
Ghulam Rasool wa zamu ya usiku alitoka Mirpur bila neno la Kiingereza.
Alijifunza matusi yetu yote
kabla hajasikia hata moja.

Oktoba nikatundika spika kumi na nane katika ukumbi uleule,
siku hizi ghala la mazulia.
Mtambo mmoja mzima niliunasa makumbusho,
nikauzidisha kwenye kompyuta ukawa mia nne.
Wageni wa Manchester walifumba macho, wakatikisa vichwa taratibu.
Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, tunasema;
mimi nilikuwa mlango, nikijisikiliza.

Bibi Winifred alivua vifaa vyake vya masikio,
akavitia kibetini, pa!
Kule mwisho, kando ya mazulia ya kijani,
alisimama Enid Tattersall na fimbo yake.
Wakaanza.
Midomo mikubwa, nyusi juu, kidole kikichonga hewa,
miaka arobaini na kitu ya umbea uliolala.
Enid alicheka hata akakumbatia nguzo.
Nikakimbia katikati yao, maikrofoni mbele,
sindano ikagonga nyekundu:
mitambo yangu, mitambo yangu tupu,
ikinirudia.

Faili lile ninalo. Dakika nne na sekunde kumi.
Nimeliita jina, nimelifuta jina.

Spika zilipozimwa nikamwendea. "Mlisemaje?"
Alirudisha kifaa sikio la kushoto, kisha la kulia,
akajibu kwa midomo tu, polepole, kama kwa mtoto.
Nikainama, nikakaza macho, nikijua hii ndiyo siri yenyewe.

Alikuwa anaomba koti lake.