Mizani ya Kizota

Kwenye mizani ya vyuma chakavu, Kizota,
ilisoma kilo kumi na nusu,
bei ya kilo shilingi mia saba.
Ililazwa kati ya bati la choo na jembe lisilo na mpini,
na Mhembano alikwisha ishika gurudumu
kama anavyoshikwa mbuzi mguu.

"Ngoja," nikasema.
Sikujua bado nangojea nini.
Niliona viungio tu:
pale bomba linapokutana na bomba
fundi wa mbali, nisiyemjua jina,
alikichonga chuma kikatoa ncha
kama masikio ya swala aliyesikia kitu.
Hakufanya hivyo kwa ajili ya nguvu.
Nguvu ingetosha bila masikio.

Nikalipa. Mhembano akacheka,
akaniongeza kengele bure.

Wiki tatu, nyuma ya soko la Majengo:
mafuta ya taa kwenye kopo la maziwa,
msasa mkali, kisha msasa laini,
na upepo wa Agosti ukirudisha vumbi
kila nilipofuta, utadhani nimepewa kazi
ya kusafisha Dodoma nzima.
Rangi ikatoka tabaka kwa tabaka.
Nyeusi, ya brashi, ya mtu mwenye haraka.
Chini yake kijani cha ofisi ya kata.
Chini yake samawati, na nyota ya pembe sita
mkono wa mtoto.
Na chini kabisa, nyekundu nzito
ya zabibu za Hombolo siku mbili kabla ya kuchumwa.
Hapo nikaweka msasa chini.

Lechipya, anayejifunza kwangu, akataka rangi ya gari.
"Ing'ae, bosi. Watu waione."
Nikaligonga bomba la juu kwa ukucha.
Likaitika,
sauti nyembamba, safi, ikakaa hewani kidogo
kabla ya kwenda zake.
"Sasa wewe unataka kuipa mafua," nikamwambia.

Gololi tulizihesabu kwenye sahani ya chai.
Moja ikatoroka. Tuliisaka kwa sumaku hadi magharibi,
ikaonekana ndani ya kiatu cha Lechipya.

Nguzo ya kiti ndiyo iliyokataa.
Siku nne. Siku ya tano ikatoka
kwa maji ya moto na matusi,
imevaa kitambaa.
Bomba lilikuwa pana, nguzo nyembamba,
na mtu, zamani, aliziba pengo kwa kipande cha kanga,
akakikalia miaka.
Maandishi yalibaki haya:

…BA NA YA MWEN…

Sechelela wa maandazi akainama, akasoma bila kusita:
"Beba na ya mwenzio."
Lechipya akasema hapana, ni "Iba na ya mwenzio,"
ndiyo maana imefichwa.
Mimi nilisoma "Haba na ya mwenyewe"
na nikanyamaza,
kwa kuwa nimepanga chumba tangu nihamie mji huu.

Kijana wa mashine ya kukereza, Chang'ombe,
alikwisha nichongea bushi ya alumini,
imekaa sawasawa, hata unywele haupiti.
Niliilipia. Iko mfukoni hadi leo.
Kanga niliifua, nikaianika juani,
nikaipaka grisi, nikaiviringisha tena,
maandishi yakiangalia ndani
kama nilivyoyakuta.

Jumapili alfajiri nikashika barabara ya Kondoa.
Baada ya Veyula kuna mteremko mrefu;
nikaacha kukanyaga, nyuma yangu ikaanza
ile tikitiki ya haraka, mfano wa cherehani
ya mtu anayewahi sikukuu.
Bodaboda akanifikia, akapunguza mwendo,
akaitazama kuanzia usukani hadi mnyororo.
"Mzee, mota iko wapi?"
Nikajipiga paja.
Akapiga honi mara mbili, akaondoka na vumbi lake.

Kufika Makutupora
kiti kilikuwa kimeshuka upana wa kidole.
Nikashuka na mimi.
Nikakaza.
Nikapanda.