Dakika Kumi na Moja

Simu yake ilirekodiwa. Dakika kumi na moja.
Leo wameniketisha niisikilize,
nijibu swali moja, kwa maandishi:
je, mkopo huu ulitolewa kwa uangalifu?

Naisikia sauti yangu, ina haraka ya Ijumaa.
Jina? Eluned Pritchard. Umri? Sabini na tisa.
Anwani? Tredegar, juu kabisa kilimani,
"ile nyumba yenye mlango wa kijani,"
kana kwamba ningepita kumjulia hali.

Kipato?
Pensheni, akasema, na posho ya ulemavu.
Nikaandika: kipato cha uhakika.
Ndivyo tulivyofunzwa. Mwenye ajira hufukuzwa,
mapafu mabovu hayafukuzwi,
serikali huyalipa kila wiki ya nne.
Darasa zima lilicheka.
Nami nilicheka.

Matumizi?
Hapo anakohoa. Sekunde thelathini na nne, nimezihesabu,
kisha anaomba radhi. Ananiomba radhi mimi.
Nyuma yake kitu kinavuta, kinatua, kinavuta.
Siku ile nilidhani ni friji.

Sikumuuliza posho ile ni ya nini.
Fomu haikuuliza, na mimi nilikuwa mdomo wa fomu.
Ni ya umeme wa mashine ile ya hewa.
Ni ya teksi ya kliniki, kwenda na kurudi.
Ni ya Carys wa nyumba ya pili, anayemsugua mgongo
kila Jumamosi na kukataa pesa, kisha kuipokea.
Nikatoa chakula, nikatoa kodi ya nyumba,
kilichobaki nikakiita ziada.

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo tuambiwavyo.
Harusi ipi? Boila ilikufa Januari.
Bibi amelala na makoti mawili,
anataka pauni mia sita na maji ya moto.
Sisi tulitaka elfu moja na mia moja na nne.

Alilipa miezi saba, hakuchelewa hata siku.
Mezani kwangu alikuwa mteja wa kupigiwa mfano.
Mwezi wa nane Carys alituandikia, kwa mkono, wino umevuja:
siku hizi usiku anaizima mashine
ili tarehe yenu isimpite.
Nani kati yenu aliona ni vyema kumkopesha?

Ningependa kuandika: si mimi, kompyuta.
Iliwaka kijani. Kijani kama mlango wake.

Lakini kuna dakika ya sita, nairudia mara tatu.
Namwuliza kama yupo wa kumshauri, mtoto, mpwa,
naye sauti inasimama wima, bila kikohozi:
"Nimeshona glavu kiwandani miaka thelathini na moja.
Nimezika waume wawili na madeni yao nikayalipa.
Leo nitamwomba nani ruhusa ya kuoga?"

Sasa niambieni nyinyi mnaouliza.
Ningemkatalia, ningemwachia baridi,
au yule bwana wa mtaa wa chini
anayekopesha mlangoni na mbwa wake kando.
Ningemkubalia, basi ni haya.
Au palikuwa na njia ya tatu,
simu moja tu kwa halmashauri, waje watengeneze boila bure,
na namba ile ilikuwa ukutani, mbele ya macho yangu,
wala hakuna aliyenilipa kuisoma.

Fomu ina visanduku viwili, ndiyo na hapana.
Kalamu nimeishika tangu saa nne.
Bi Eluned yu hai, yuko wodini Abergavenny.
Bado anadaiwa mia tatu na nane.

Dakika ya kumi na moja. Nasoma kutoka kwenye karatasi:
una swali lolote kabla hatujamaliza?
Mashine inavuta, inatua.
"Ndiyo, mwanangu. Huko ulipo, wamekuwashia joto?"

Na sauti yangu, bila hata kupumua:
asante kwa kutuchagua.