Mstari wa Saba

Bi Annelies,
umeniomba taarifa ya fedha, ukurasa mmoja,
"na picha, kama zipo."
Ninakuandikia stoo, nimekalia gunia la maharage,
maana ofisini wanapaka rangi.
Wamekuja wengine, kumi na mmoja, wa wiki tatu.
Ule ukuta uliouchora twiga
sasa ni ramani ya dunia.
Kabla ya twiga wako palikuwa na herufi,
kabla ya herufi, viganja vya watoto, vya buluu.
Ukuta wetu umenenepa kwa wema.
Masika yakiupiga hubanduka magamba,
na juzi twiga amechungulia
kwa jicho moja, pale Kanada ilipo.

Haya, hesabu.
Ulituma milioni mbili, laki tatu na arobaini elfu.
Ukasema zimetokana na keki, na baiskeli:
watu walikulipa kwa kila kilomita
uliyoendesha mvuani, katika nchi isiyo na kilima.
Mwalimu Ndewirwa alicheka mpaka akashika meza.
Kumbe kuna mahali jasho la kuzunguka tu lina bei!
Yeye hupanda Uru kwa miguu kila siku ya Mungu.
Mimi sikucheka. Niliwaza magoti yako.

Madawati kumi na mawili, mbao za msindano,
fundi Kisamo wa Kiboriloni.
Alisema siku nne, zikawa wiki sita.
Stakabadhi ipo.
Masweta ishirini na tisa, ya kijani. Ipo.
Maharage, magunia matatu; hili ndilo la mwisho.
Ipo, ila panya amekula tarehe.

Sasa, mstari wa saba.
Nimeandika: "Vifaa vya kufundishia, 46,000."
Hakuna kifaa.

Unamkumbuka Haikaeli wa darasa la sita,
aliyekufundisha kutamka "ng'ombe"
ukawa unakwama puani, darasa zima linakusubiri?
Mama yake alilazwa KCMC tangu Jumapili.
Bibi yake akaja dirishani kwangu na mkungu wa ndizi.
Hakuomba.
Aliutua chini, akatazama upande wa mlima,
ambao siku hiyo haukuwapo,
akasema, "Mwanangu, huku kwenu kumenyesha?"
Kwa sisi wa huku, hilo ni ombi zima.

Nilihesabu arobaini na sita elfu:
nauli, sabuni, nyama ya mtori,
chupa ya kuubebea usipoe,
na kanga moja.
Binti alishuka hospitali kila jioni,
asubuhi yuko mstarini, sweta limenyooka.
Hakukosa kipindi hata kimoja
mpaka wiki aliyovikosa vyote.
Ile kanga ilikwenda na mama yake, kihambani.

Fomu yenu haina mahali pa jambo hili.
Nimeipekua mbele na nyuma.
Kuna "sare," kuna "chakula," kuna "ukarabati,"
kuna "mengineyo," na pembeni, kwa herufi za siafu:
yasizidi elfu ishirini.

Uliomba pia barua za shukrani.
Ishirini na nane zinafanana kama mayai,
kwa sababu Mwalimu aliiandika moja ubaoni.
Ya Haikaeli inasema:
"Sweta ni kubwa. Ni vizuri, nitakua.
Twiga wako wamemfuta ila najua alipo.
Na mama yako wewe, hajambo?"
Mwalimu mkuu alitaka airudie.
Nimeitia bahasha hii kabla hajauliza tena.

Ukiona ni deni, liandike kwa jina langu,
nitalipa kidogokidogo kila mwisho wa mwezi.
Picha sina. Siku ile hakuna aliyepiga.
Salio ni shilingi elfu moja mia mbili hamsini,
limo ndani ya kopo la chaki.

Halafu zile ndizi.
Zilipikwa, tukala wote, walimu na watoto,
hata wageni wa rangi wa wakati ule, wakaongeza.
Upande wa mapato sikuziandika popote.
Sikujua niziwekee bei gani.