Hati ya Hewa

Niliitwa Mtaa wa Biashara kupima kitu kisichokuwepo.
Mimi mpima ardhi. Nimezoea mawe ya mpaka
na majirani wanaoyahamisha usiku.
Siku ile niliambiwa: inua macho,
anzia kwenye paa, nenda juu.

Ghorofa mbili za mawe ya Njiru.
Mwaka umechongwa juu ya mlango, 1926,
ila ile sita imeliwa na mvua, waweza kuisoma sifuri.
Vigae vinne havipo; njiwa wameziba pengo kwa vijiti.
Chini kuna leso, blanketi, sare za shule,
na barazani Musyimi na cherehani yake,
pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo hakuniuliza kitu.

Kanuni inasema hapa paweza kusimama ghorofa kumi na nane.
Kumi na nane, toa mbili.
Kumi na sita zimekuwa zikielea juu ya duka hili,
hazina ngazi, hazina mpangaji,
njiwa huzipita bila kubisha hodi.
Bi. Kusumben Raichura anataka kuziuza.

"Wanangu wako ng'ambo, kila simu ni bomoa, bomoa.
Mkandarasi kaniletea picha, vioo vitupu.
Nikatafuta kwenye picha pale mama aliposimama
akipima kitambaa, pua hadi ncha ya kidole.
Nikakuta lifti.
Kama haki ya kupanda juu yaweza kuhama,
ihame. Nyumba ibaki."

Hewa.
Mjini hapa neno hilo lina kesi.
Tumelipa mishahara ya wafanyakazi hewa,
tumekata utepe wa kweli kwenye zahanati hewa,
na shangazi yangu ana kiwanja hewa kule Ruai,
hati yake kaitia kwenye fremu, kaitundika sebuleni.
Musyimi alitema pini:
"Mama kauza hewa? Na hajakamatwa?"

Hii ina mhuri, nikamwambia.
Nikaichora: urefu, upana, kimo,
sanduku la mbingu lenye pembe nane,
nikatia sahihi.
Kampuni moja ikalinunua, ikalibeba hadi Ngara,
ikalipachika juu ya ploti iliyoruhusiwa kumi.
Na kwa Kusumben hapatapandishwa tofali tena,
si yeye, si wanawe, si atakayewarithi.

Pesa zilifika na masharti yake.
Otiato, fundi wa paa, alishusha vigae kimoja kimoja
kama anayepokea mayai.
Njiwa walilalamika wiki mbili.
Mchongaji alikuja na patasi kuifufua ile sita,
Kusumben akamfukuza.
"Hiyo iache. Hiyo nimezeeka nayo."

Sasa nieleze lililonipata mimi.
Mama yangu anakaa Ngara, ghorofa ya pili,
nyuma ya ploti ile.
Jua lilikuwa likifika kwenye kamba yake saa nne asubuhi.
Siku hizi linafika saa saba, lina haraka,
linagusa shuka mbili, linaondoka.
Soksi zinanuka uvundo.
"Hiki kivuli," akauliza, "kimeletwa na nani?"
Nikakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka.
Kwenye fomu kulikuwa na safu ya urefu,
ya upana, ya kimo.
Safu ya kivuli haikuwepo,
nami sikuuliza.

Jumamosi nikamleta mjini anunue leso.
Sikumwambia ni duka gani.
Alipofika mbele ya ule mlango akasimama,
saa nne kamili, hakuna kitu juu ya vigae,
jua limemjaa usoni hadi akafumba macho.
Watu wakampita huku na huku na mizigo yao.

"Kumbe ndiko lilikohamia," akasema.

Kisha akaingia ndani, akachagua leso ya zambarau,
akabishana bei na Kusumben robo saa nzima.
Akapunguziwa shilingi hamsini.
Akasema hazitoshi.